Usinunue Laptopu Mpya Kabla Hujapima Prosesa

Kuna ushauri mmoja ambao kila kijana anayejifunza kuandika programu hapa Nairobi ashapewa, na mimi umenichosha. Programu ikijikokota kidogo tu, unaambiwa: "Hiyo laptopu yako ni ya kitambo, buda. Tafuta i7." Hakuna swali, hakuna kipimo, ni mdomo tu. Halafu mtoto wa watu anaanza kusumbua mzazi, ama anaingia kwa app ya mkopo, akitafuta pesa za kutibu ugonjwa ambao hakuna mtu ameupima.

Msimamo wangu ni huu: usitoe hata shilingi kabla hujajua programu yako inatumia sekunde ngapi za prosesa. Sisemi sekunde ambazo wewe umengoja. Nasema sekunde ambazo prosesa imefanya kazi. Hivyo ni vitu viwili, na tunavichanganya kila siku.

Fikiria saluni. Umeingia saa nne asubuhi kusukwa, umetoka saa tisa. Ni saa tano. Lakini mikono ya msusi ilikuwa kichwani mwako saa mbili tu. Hizo zingine alikuwa kwa simu, ama anangoja rasta ziletwe kutoka dukani. Sasa mtu akikwambia utafute msusi mwenye mikono ya haraka zaidi, atakuwa amekusaidia nini? Shida yako ilikuwa dukani.

Kompyuta nayo ina hesabu hiyo hiyo, na inakupa bure. Kwa Linux ama Mac, fungua terminal, uandike neno time mbele ya amri yako, kwa mfano: time python3 ripoti.py. Kama hauna laptopu kabisa, app ya Termux kwa simu ya Android inafanya hivyo pia. Kwa Windows, fungua Task Manager, uende sehemu ya Details, uongeze safu ya CPU time.

Ukitumia time, programu ikimaliza utaona namba hizi tatu, ingawa terminal zingine huziandika kwa mpangilio na majina tofauti kidogo:

real: muda wa saa ya ukutani, kutoka umeingia saluni mpaka umetoka.
user: muda ambao prosesa imetekeleza msimbo wa programu yako. Hiyo ni mikono ya msusi.
sys: muda ambao mfumo endeshi umefanya kazi kwa niaba ya programu yako, kama kusoma faili. Huyo ni msaidizi anayechambua rasta na kumpitishia msusi. Hasuki, lakini anafanya kazi yako.

Jumlisha user na sys, upate muda wa prosesa. Halafu ulinganishe na real. Kama jumla ni ndogo sana kuliko real, programu yako mara nyingi inangoja: mtandao, diski, database, ama programu nyingine zinazogombania prosesa. Kama zinakaribiana, prosesa yako kweli inatoa jasho. Na ukiona jumla imepita real, usishtuke. Ni kama wasusi watatu wamekushika kichwa kwa saa moja: wewe umekaa saa moja, lakini kazi iliyofanyika ni saa tatu. Ndivyo inavyokuwa prosesa ikiwa na koa nyingi na programu inazitumia pamoja.

Sasa nikuonyeshe kwa nini hii ni pesa. Rafiki yangu wa chuo alikuwa na projekti inayovuta data ya hali ya hewa kutoka kwa seva fulani na kutengeneza ripoti. Ilikuwa inachukua karibu dakika mbili. Muuzaji mmoja wa mashine akamwambia dawa ni laptopu ya elfu sitini. Tukapima kwanza. Real ilikuwa sekunde 112. User 3.1. Sys 0.6. Yaani katika sekunde 112, prosesa ilifanya kazi sekunde 3.7 pekee. Hata angenunua mashine yenye prosesa ya kasi mara mbili, angeokoa chini ya sekunde mbili. Elfu sitini kwa sekunde mbili, wasee!

Shida ilikuwa programu inaomba ukurasa mmoja, inakaa, inangoja jibu, halafu inaomba mwingine. Alibadilisha ikawa inaomba kadhaa kwa pamoja, na zile alizovuta jana ikawa inazihifadhi badala ya kuzivuta tena. Laptopu ni ile ile, na bando pia ikaanza kukaa.

Kuna upande wa pili. Tuseme user inakaribia real. Je, hapo ndipo unanunua mashine? Bado. Angalia prosesa inatolea jasho nini. Chukua orodha ya majina 50,000 unayotaka kuondoa yanayojirudia. Ukilinganisha kila jina na kila jina lingine, hizo ni jozi zaidi ya bilioni 1.2. Ukitumia seti, kila jina linaulizwa mara moja tu kama lishaonekana, yaani maswali 50,000. Hakuna i7 duniani itakuokoa na jozi bilioni vile mstari mmoja wa msimbo utakuokoa.

Ukitaka kupima sehemu moja tu ya programu, Python ina process_time kwa muda wa prosesa na perf_counter kwa muda wa saa ya ukutani. Lala sekunde 3 kwa time.sleep: perf_counter itasema 3, process_time itasema karibu sufuri. Ijaribu leo, utaelewa kuliko vile mimi nimeeleza. Lakini chunga: process_time haihesabu programu ndogo ambazo programu yako imezianzisha. Na kama unaandika C, ile clock() ya Linux inapima prosesa, lakini ile ya Microsoft kwa Windows inapima saa ya ukutani. Jina ni moja, jibu ni tofauti. Tena usipime mara moja ukatangaza ushindi. Pima mara tano, maana simu ama laptopu ikipata joto hupunguza kasi, na kazi ile ile inakula sekunde nyingi zaidi za prosesa.

Muda wa prosesa umekuwa mali tangu zamani. Mwaka 1962, pale MIT nchini Marekani, mwanafunzi wa PhD aitwaye Allan Scherr alikuwa amegawiwa saa 4 kwa wiki kwenye CTSS, mfumo uliowezesha watu wengi kugawana kompyuta moja. Hazikumtosha. Akaifanya mashine imchapishie faili la nywila za wenzake, akaanza kutumia muda wao. Jamaa aliiba nywila, lakini kitu alikuwa anataka ni sekunde.

Siku hizi laptopu ni yako, hakuna anayekugawia saa, ndiyo maana hatuhesabu. Lakini ukipeleka kazi yako mtandaoni, hesabu inarudi. AWS Lambda kwa kawaida inakutoza muda wote programu yako iko kazini, hata kama imekaa tu inangoja database. Cloudflare Workers inahesabu muda wa prosesa. Programu ile ile, bili mbili tofauti. Ukiwa hujui yako inangoja ama inafanya kazi, utachagua vipi?

Najua kuna mtu atasema: "Mtumiaji hajali user wala sys, anajali amengoja kiasi gani." Ni kweli, na sitabisha. Real ndiyo uchungu wa mtumiaji. Lakini daktari hatibu uchungu bila kujua unatoka wapi. Real inakwambia kuna shida, user na sys zinakwambia uitafute wapi. Na huyo mtumiaji, kama yuko kwa simu ya bei ya chini yenye betri ya kuombewa, kila sekunde ya prosesa unayomwekea bure inamla chaji.

Sisemi usiwahi kununua mashine. Kama umepima, umerekebisha msimbo, na bado user iko juu kwa sababu kazi yenyewe ni nzito, kama kuhariri video ndefu, basi nunua na roho safi. Lakini uende dukani na namba zako mkononi, si na maneno ya muuzaji. Yeye analipwa ukinunua. Wewe ndiye utalipa deni.

Kwa hivyo leo, kabla ya kulala, chukua programu moja unayoilaumu kila siku na uweke time mbele yake. Halafu niambie hapo chini: yako inafanya kazi, ama inangoja tu?