Soko Likifilisika, Sarafu ni ya Nani? Waraka kwa Ndugu Walioko Tanzania

Waraka huu unaelekezwa kwa ndugu walioko nyumbani Tanzania, na kilichousababisha ni kodi. Mnamo Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania iliutangazia umma kwamba sarafu mtandao, yaani fedha zisizoshikika ambazo kumbukumbu zake huandikwa katika daftari la pamoja linalonakiliwa kwenye maelfu ya kompyuta badala ya kutunzwa na benki moja, hazitambuliwi na sheria za nchi, na kwamba kuziuza au kuzinunua ni kukiuka kanuni za fedha za kigeni. Miaka mitano haikutimia. Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaja na kodi ya zuio ya asilimia 3 juu ya malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali, bila tangazo lile kufutwa kwanza, na kitu kilichokuwa hakiguswi kikawa kinakamuliwa. Kodi ya zuio, kwa wasioifahamu, ni ile inayokatwa na mlipaji kabla fedha hazijamfikia mwenyewe, na hii hukatwa katika malipo yote bila kujali kama muuzaji amepata faida. Kijana aliyenunua sarafu za shilingi 1,400,000 na kuziuza kwa 1,000,000 baada ya bei kuanguka atakatwa 30,000 nyingine juu ya hasara yake. Kenya ilipita njia hiyohiyo kuanzia Septemba 2023, ikaiacha mwaka 2025 na kuhamia kwenye ushuru wa asilimia 10 unaotozwa katika ada za makampuni ya kubadilishia sarafu, na jirani mwenye busara angalisubiri aone mwenzake anavyojikwaa.

Hata hivyo, kodi si kiini cha waraka huu, na ndugu wa nyumbani hawahitaji kuhubiriwa juu ya wepesi wa serikali kukusanya na uzito wake wa kulinda. Hoja ni moja tu, nayo haijibiwi na tangazo la 2019 wala sheria ya 2024: kampuni inayomtunzia Mtanzania sarafu zake ikifilisika leo, sarafu hizo ni za nani?

Ili swali hilo lieleweke, ni lazima kutenganisha mambo mawili ambayo wapiga debe wa sarafu mtandao huyachanganya kwa makusudi. Teknolojia ya blokucheni, ambayo ndiyo lile daftari la pamoja lililoelezwa hapo juu, humwezesha mtu kumiliki sarafu kwa kuwa na ufunguo wa siri, yaani mfululizo wa tarakimu na herufi ambao bila huo hakuna awezaye kuihamisha sarafu hiyo. Mwenye kuhifadhi ufunguo wake mwenyewe hamtegemei mtu. Lakini watu wengi, nyumbani na ughaibuni, hawashiki ufunguo wowote; wamefungua akaunti katika soko la sarafu, wametuma picha ya kitambulisho cha NIDA, wameweka fedha, na wanachokiona kwenye simu ni tarakimu tu zinazosema kwamba kampuni inadaiwa na wao kiasi fulani. Ufunguo uko kwa kampuni, na mara nyingi kampuni yenyewe imesajiliwa katika kisiwa ambacho mteja hawezi kukionyesha kwenye ramani. Kampuni hiyo ikianguka, maisha ya mteja yanategemea sheria ya ufilisi, na huko ndiko nyumbani hakujaandikwa kitu.

Japani ililipa gharama kubwa kujifunza jambo hili. Soko la Mt. Gox, lililokuwa Tokyo na ambalo wakati mmoja lilikuwa kubwa kuliko yote duniani, lilianguka Februari 2014 baada ya kutangaza kwamba Bitcoin zipatazo 850,000 zimepotea, ingawa takriban 200,000 zilionekana baadaye. Mteja mmoja alikwenda mahakamani kudai kwamba sarafu zake ni mali yake na hazipaswi kuingizwa katika rundo la kugawana wadai wote, na mnamo Agosti 2015 Mahakama ya Wilaya ya Tokyo ikamwambia kwamba Sheria ya Madai ya Japani huhesabu kuwa kitu kile chenye umbo tu, hivyo Bitcoin haiwezi kumilikiwa kwa maana hiyo. Wateja wakabaki wadai wa kawaida, na wengi wao hawakuanza kurudishiwa sarafu hadi Julai 2024, miaka kumi baadaye. Bunge la Japani halikusubiri miaka hiyo kumi. Lilirekebisha Sheria ya Huduma za Malipo mwaka 2016, na kuanzia Aprili 2017 kila soko la sarafu likalazimika kusajiliwa na kuzitenga mali za wateja na mali zake lenyewe. Kisha, baada ya wizi mwingine mkubwa wa Januari 2018 katika soko la Coincheck, masharti yakakazwa ili sehemu kubwa kabisa ya sarafu za wateja ihifadhiwe nje ya mtandao.

Matokeo yalionekana Novemba 2022, wakati soko la sarafu la FTX lilipoporomoka. Kampuni hiyo ilikuwa imechukua fedha za wateja na kuzipeleka kwa kampuni dada ya biashara ya kubahatisha, na mwanzilishi wake, Sam Bankman-Fried, alihukumiwa kifungo cha miaka 25 mnamo Machi 2024. Wateja wa dunia nzima walisimama kwenye foleni ya ufilisi nchini Marekani, na malipo yalipoanza Februari 2025 yalipimwa kwa bei za siku ya kufilisika, wakati Bitcoin moja ilikuwa chini ya dola 17,000, ilhali siku ya malipo ilikuwa ikiuzwa kwa zaidi ya dola 90,000. Wateja wa tawi la Japani hawakupanga foleni hiyo. Walianza kutoa sarafu zao Februari 2023, miezi mitatu tu baada ya anguko, kwa kuwa sheria ilikuwa imezitenga mapema na mfilisi hakuwa na haki ya kuzigusa. Kampuni ilikuwa moja, jina moja na udanganyifu mmoja. Waliopona ni wale ambao wabunge wao walikuwa wamefanya kazi kabla ya msiba, na Mtanzania anayesoma habari hizo akiwa London hawezi kuzuia wivu.

Mahakama za nchi nyingine zimejaribu kuziba pengo bila sheria mahususi, na bahati imewaangukia wengine na kuwakosa wengine. Nchini New Zealand, katika shauri la soko la Cryptopia lililoamuliwa Aprili 2020, jaji alisema sarafu ni mali na kwamba kampuni ilizishika kwa amana, yaani kama mdhamini anayetunza cha mwenzake, kwa hiyo wadai wengine wa kampuni hawakuwa na sehemu humo. Nchini Marekani, Januari 2023, Jaji Martin Glenn alifikia uamuzi ulio kinyume chake kuhusu akaunti za riba za Celsius, kampuni ya sarafu iliyofilisika: masharti na vigezo, ile karatasi ndefu ambayo kila mtu hubonyeza kukubali bila kuisoma, yalisema wazi kwamba mteja anapoweka sarafu anahamisha umiliki kwa kampuni, na hivyo akaunti zipatazo 600,000 zenye thamani ya dola bilioni 4.2 zikawa mali ya mfilisi. Ni nani kule Tabata au Nyegezi aliyesoma masharti yaliyoandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, katika maandishi madogo, kwenye kioo cha simu kilichopasuka?

Uingereza nayo ilianza kwa hukumu, pale Mahakama Kuu iliposema mwaka 2019 kwamba Bitcoin inaweza kuhesabiwa kuwa mali, na ikamalizia kwa sheria ya Bunge ya Desemba 2025 inayotamka kwamba kitu hakikosi kuwa mali kwa sababu tu ni cha kidijitali. Watu wa nyumbani wasijidanganye kwamba sheria hiyo itawafikia kwa mkondo wa ukoloni. Sheria ya Tanzania kuhusu matumizi ya sheria nchini hupokea sheria za kawaida za Kiingereza, kanuni za usawa na sheria za jumla za Bunge la Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, siku ambayo hata kikokotoo cha mfukoni hakikuwepo. Hukumu za London zinaweza kumshawishi jaji wa Dar es Salaam, lakini hazimfungi, na mjane ambaye akiba yake imekwama hana miaka sita ya kusubiri Mahakama ya Rufani iamue kama ashawishike.

Linalotia uchungu zaidi ni kwamba Tanzania ilikwisha kulitatua tatizo hili kwa fedha za simu. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015, pamoja na kanuni za fedha za kielektroniki zilizotolewa mwaka huohuo, inaitaka kila kampuni inayotoa huduma hiyo kuweka katika akaunti ya amana benki kiasi kilekile cha shilingi ambacho wateja wanakiona kwenye simu zao, ili kampuni ya simu ikianguka, shilingi zile zisianguke nayo. Faida inayozaliwa na akaunti hizo ni ya wateja, na Tigo Pesa ilikwisha kuanza kuigawa kwa watumiaji wake tangu mwaka 2014, kabla hata ya sheria hiyo. Nchi iliyofanya hivyo kwa mama muuza mboga mwenye salio la shilingi 8,000 inapoulizwa kuhusu sarafu mtandao hujifanya haijawahi kusikia neno amana. Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka Benki Kuu ijiandae kwa sarafu hizi tangu Juni 2021, huko Mwanza. Kodi imewahi kufika kabla ya maandalizi.

Wanaosema kwamba katazo la 2019 linatosha kumlinda mwananchi watazame biashara inavyofanyika. Muuzaji wa USDT, sarafu thabiti ambayo mtoaji wake huahidi kuikomboa kwa dola moja ya Marekani, hutangaza bei yake katika programu ya soko, na mnunuzi akikubali, soko huzifungia sarafu zile zisihamishwe hadi malipo yathibitishwe. Mnunuzi hutuma shilingi kwa simu. Ujumbe unaingia, lakini muuzaji mzoefu hauamini, kwa kuwa ujumbe wa kughushi umewaliza wengi; hupiga *150*00#, akaangalia salio, akalinganisha jina la mtumaji na jina lililo kwenye programu, ndipo akaziachia sarafu. Sasa ikitokea kwamba shilingi zile zilitoka kwenye laini ya mtu aliyetapeliwa, akaunti ya muuzaji hufungwa na yeye huitwa kujieleza. Ataeleza nini? Akisema aliuza sarafu, amekiri kukiuka tangazo la Benki Kuu. Akinyamaza, ameonekana mshirika wa tapeli. Katazo la namna hiyo humwondolea mwizi hofu na kumtia hofu aliyeibiwa, kwa sababu malalamiko ya aliyeibiwa yenyewe ni ungamo.

Tena haifai kusahau ni nani aliyezipeleka sarafu hizo hadi sebuleni. Jamaa walioko ughaibuni, mwandishi wa waraka huu akiwa miongoni mwao, ndio waliochoshwa na makato ya kampuni za kutuma fedha, wakagundua kwamba dola za mtandaoni hufika kwa dakika chache, wakawafundisha wadogo zao kufungua akaunti na wakaacha ada ya mwaka mzima ya mpwa ikikaa humo ikisubiri bei nzuri. Uingereza yenyewe, tangu Oktoba 2023, humlazimisha mwekezaji mpya asubiri saa 24 kabla ya kununua, humwonyesha onyo kwamba anaweza kupoteza kila kitu, na imepiga marufuku zawadi za kumwalika rafiki. Mtanzania wa Reading au Leicester anaishi ndani ya ulinzi huo, kisha anamtumia shangazi yake wa Tanga kiungo cha mwaliko usio na ulinzi wowote. Aliyesomeshwa kwa kodi za wale wale, akaondoka, hana ubavu wa kuwakaripia sana. Ila akinyamaza atakuwa amewakosea mara mbili.

Linaloombwa, basi, ni kifungu kimoja kabla ya mengine yote, kabla ya leseni, kabla ya sarafu ya kidijitali ya Benki Kuu, na kwa hakika kabla ya asilimia 3. Kifungu hicho kitamke kwamba sarafu mtandao ni mali. Kwamba kampuni yoyote inayomtunzia mkazi wa Tanzania sarafu hizo inazishika kwa amana, hata kama masharti na vigezo vyake vinasema vingine. Na kwamba katika ufilisi sarafu hizo hazihesabiwi katika mali za kampuni, zisije zikaliwa na wadai wenye kipaumbele, Mamlaka ya Mapato ikiwemo. Uhifadhi wa funguo nao ugawanywe, kama lile sanduku la VICOBA lenye kufuli tatu ambalo mweka hazina peke yake hawezi kulifungua, na teknolojia hii inaruhusu hilo kwa wepesi, kwani sarafu inaweza kuwekwa katika hali ya kuhitaji saini za watu wawili kati ya watatu. Tangazo la 2019 lifutwe kwa maandishi, siyo kwa kusahauliwa, ili aliyeibiwa aweze kuingia kituo cha polisi akiwa mlalamikaji.

Kenya imeshapitisha Sheria ya Watoa Huduma za Mali Pepe, iliyosainiwa Oktoba 2025, na imeigawa kazi ya usimamizi kati ya Benki Kuu yake na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, kwa hiyo makampuni yanayokwepa masharti ya Nairobi yatatafuta mahali pa karibu pasipo na masharti, na safari ya kutoka Namanga si ndefu. Kamati ya Bunge inayoshughulikia bajeti itakaa tena kupokea maoni ya umma. Wanasheria, wahasibu na wanaprogramu walioko nje, ambao hupata muda wa kubishana usiku kucha kuhusu bei ya Bitcoin, wanao muda wa kuandika kifungu cha kurasa mbili kwa Kiswahili na kukipeleka Dodoma, na ndugu wa nyumbani wana kila haki ya kuwauliza, kila mara pesa za sikukuu zinapotumwa, kama wamekwisha kukiandika.