Nani Huandika Alichofanya Sokwe? Mratibu wa Utafiti na Suala la Lugha

Katika maabara zinazochunguza utambuzi wa wanyama wa jamii ya nyani, kazi ya mratibu wa utafiti huhesabiwa kuwa kazi ya utawala. Mratibu hupanga zamu za majaribio, hufuatilia vibali vya kamati ya maadili, hufundisha wanafunzi wanaojitolea, hutunza kanda za video, na huhakikisha kuwa mnyama aliyechoka au mgonjwa hapimwi. Mara nyingi kazi hiyo hupewa kijana mwenye shahada ya kwanza, kwa mkataba wa mwaka mmoja au miwili, naye huiacha mara apatapo nafasi ya kusomea uzamivu. Makala haya yanadai kuwa mtazamo huo una kasoro ya msingi. Kiini cha kazi ya mratibu ni lugha: yeye na wasaidizi wake ndio wanaoamua ni neno gani liandikwe pale mnyama anapofanya jambo.

Tuseme kima amekaa mbele ya kipaza sauti. Sauti inapigwa, na swali la utafiti ni iwapo kima "ametazama". Je, kutazama ni kugeuza kichwa, au macho yakisogea yatosha? Na akigeuka kwa sababu nzi amempitia sikioni? Majibu huandikwa katika mwongozo wa uainishaji, na mlinzi wa mwongozo huo ni mratibu. Waainishaji wawili huitazama kanda ileile, kila mmoja peke yake, bila kujua ni sauti gani iliyopigwa. Kisha ulingano wao hupimwa, aghalabu kwa kipimo cha kappa alichokipendekeza Jacob Cohen mwaka 1960, ambacho 1 ni ulingano kamili na 0 ni ulingano usiozidi ule wa bahati nasibu. Yeyote aliyewahi kushiriki kutunga kamusi ataitambua kazi hii mara moja. Ni kazi ya kutoa fasili, na ugumu wake ni uleule.

Uzito wake ulidhihirika katika Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 2010 chuo hicho kilitangaza kuwa Marc Hauser, profesa aliyeongoza maabara ya utambuzi wa nyani, alipatikana na makosa manane ya ukiukaji wa maadili ya utafiti. Mwaka huohuo makala ya mwaka 2002 katika jarida la Cognition, kuhusu uwezo wa tamarini (kima wadogo wa Kolombia) wa kutambua ruwaza za silabi, ilifutwa. Kwa mujibu wa taarifa zilizochapishwa wakati huo, waliotilia shaka walikuwa vijana wa maabara yenyewe, walioziainisha upya kanda na kukuta kuwa wanachokiona hakilingani na kilichoandikwa. Hao ndio wanaoitwa watumishi wa utawala!

Hata pasipo na nia mbaya, daftari lina upande wake. R. Allen Gardner na Beatrix Gardner walipoanza mwaka 1966, huko Reno, Nevada, kumfundisha sokwe Washoe ishara za lugha ya viziwi wa Marekani, wasaidizi wao walitakiwa kuandika kila ishara aliyoitoa. Msaidizi mmoja aliyekuwa kiziwi, ambaye lugha hiyo ndiyo iliyokuwa lugha yake ya kwanza, alieleza baadaye kwamba daftari lake lililaumiwa kwa kuwa na ishara chache kuliko madaftari ya wenzake wanaosikia. Wao waliona ishara katika kila mwendo wa mkono. Yeye aliona mikono tu. Yaelekea mjuzi pekee wa lugha iliyokuwa ikichunguzwa ndiye aliyehesabiwa kuwa mzembe. Herbert Terrace wa Chuo Kikuu cha Columbia, aliyemlea na kumfundisha Nim kati ya mwaka 1973 na 1977, alikuwa na madaftari yenye maelfu ya mifuatano ya ishara. Ni baada ya kuzitazama kanda polepole ndipo yeye na wenzake walipohitimisha, mwaka 1979, kuwa sehemu kubwa ya ishara za Nim zilitanguliwa na ishara za walimu wake. Daftari lilimtaja sokwe na kumwacha mwalimu nje ya sentensi.

Tatizo hili halikomei maabarani, na hapa ndipo linapowahusu wataalamu wa Kiswahili moja kwa moja. Katika Hifadhi ya Gombe, Kigoma, ambako Jane Goodall (aliyefariki mwaka 2025) alianza utafiti mwaka 1960, watu wanne walitekwa na waasi kutoka Zaire mwezi Mei 1975. Tangu hapo wasaidizi wa Kitanzania ndio waliobeba ukusanyaji wa data wa kila siku, baadhi yao kwa miongo kadhaa. Hata kabla ya hapo, Januari 1974, aliyeshuhudia madume wa kundi la Kasakela wakimshambulia Godi wa kundi la Kahama, tukio lililobadili fikra za wanasayansi kuhusu sokwe, alikuwa Hilali Matama. Maelezo ya wasaidizi hawa yaliandikwa kwa Kiswahili, kisha yakatafsiriwa kwa Kiingereza, na kumbukumbu hizo zikatunzwa kwa miaka mingi katika vyuo vikuu vya Marekani, kwanza Minnesota na baadaye Duke.

Tafsiri hiyo si jambo jepesi. Mathalani, kitenzi -taka. Mzungumzaji wa Kiswahili husema mvua inataka kunyesha, na mti unataka kuanguka, wala hakuna anayedhani kuwa mti una nia. Basi msaidizi akiandika kuwa sokwe "alitaka kumpiga" mwenzake, ametaja nia ya sokwe, au amesema tu kwamba kipigo kilikuwa karibu kutokea? Katika fani ambayo swali lake kubwa ni iwapo mnyama ana nia, mfasiri anayechagua neno moja la Kiingereza amekwisha kulijibu swali kabla ya mtafiti kuliuliza.

Vivyo hivyo kiambishi cha kutendana. "Walisafishana manyoya" haisemi nani aliyeanza, wala nani alisafishwa kwa muda mrefu zaidi, na hesabu ya urafiki wa sokwe hutegemea mambo hayo hasa. Nayo sentensi "alimfukuza akapanda mtini" haionyeshi aliyepanda ni yupi. Kiingereza kingeweza kumtenga dume na jike kwa kiwakilishi, ilhali Kiswahili hudai majina yarudiwe. Kwa upande mwingine Kiswahili kina faida zake. Viambishi -ka- na -ki- hutenga vizuri tukio linalofuata na tukio linaloendelea sambamba. Goodall alilazimika kubishana na mhariri aliyemwondolea sokwe viwakilishi vya mtu na kumpa cha kitu. Mwandishi wa Kiswahili hana ugomvi huo, kwani sokwe, sawa na nzi na papa, huchukua upatanisho wa a-/wa-.

Wapo watakaosema kuwa kamera na fomu za kujaza zimeyamaliza matatizo haya. La hasha. Kila kisanduku cha fomu kina jina, na kanda haijiainishi yenyewe. Kule Mahale, ambako Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto alianza utafiti mwaka 1965, yeye na wenzake walichapisha mwaka 1999 orodha ndefu ya mienendo ya sokwe pamoja na fasili zake, kwa Kiingereza. Orodha ya namna hiyo yastahili kuwepo kwa Kiswahili, nayo isitungwe na kamati ya istilahi iliyoketi mezani Dar es Salaam bila kumwona sokwe.

Kwa hiyo mratibu hana budi kuajiriwa kama mtaalamu, kwa mkataba unaomwezesha kubaki, na jina lake liwe miongoni mwa waandishi wa matokeo. Pale data inapoandikwa kwa Kiswahili, nakala asilia ihifadhiwe pamoja na tafsiri yake, na nakala nyingine ibaki nchini. Idara za Kiswahili zinaweza kuanza na jambo dogo: kumtuma mwanafunzi mmoja wa uzamili Kigoma, akae na wasaidizi wastaafu wangali hai, akusanye vitenzi vyao vya kutazama, kufukuza, kutisha na kuomba chakula, na aandike maana zake kama wao wenyewe walivyozitumia msituni.