Kibengali Kimefika Sumbawanga, Kifipa Kimebaki Nje ya Banda

Katika vibanda umiza vya Sumbawanga kuna lugha moja kubwa iitwayo Kihindi. Ukimuuliza mwenye banda jioni hii anaonyesha nini, atakujibu "picha la Kihindi", na jibu hilo halibadiliki hata kama waigizaji wanazungumza Kitamil cha Chennai, Kitelugu cha Hyderabad au Kibengali cha Kolkata. Watazamaji nao hawana haja ya kuuliza zaidi. Sauti za waigizaji zimekwisha kufunikwa na sauti ya mtafsiri, yule fundi wa maneno anayemsemea steringi, adui, mama mzazi na hata mbwa kwa Kiswahili kimoja cha mtaani. Muvi inapowekwa kwenye flashi na kupanda basi kupitia Tunduma hadi nyanda za juu za Ufipa, Kibengali kimebaki mlio wa nyuma tu, kama mvua juu ya bati.

Nataka leo kukisemea Kibengali hicho kilichofunikwa. Kisha nikisemee Kifipa, ambacho hakikupewa hata nafasi ya kufunikwa.

Tuanze na filamu zenyewe. Chukua mfano wa Challenge, filamu ya Kibengali ya mwaka 2009 iliyoongozwa na Raj Chakraborty, Dev na Subhashree Ganguly wakiwa wahusika wakuu. Kijana anampenda binti wa tajiri, na tajiri huyo amemzungushia bintiye walinzi kama mtu anayelinda ghala la fedha. Kuna ngumi, kuna nyimbo, kuna machozi, na mwishowe mapenzi hayakubali kushindwa na mali. Wasomi wenzangu huzicheka filamu za namna hii. Mimi sizicheki, kwa sababu zinauliza swali ambalo kila kijana aliyeshuka mjini kutoka Laela au Mpui kuja kuendesha bodaboda anajiuliza kila siku: je, mtu asiye na kitu ana haki ya kupenda? Mahari inapotajwa mbele ya wazee na mfukoni hakuna kitu, swali hilo huacha kuwa mchezo wa kuigiza.

Lakini kuna jambo jingine katika filamu hiyo ambalo halionekani kwenye kioo. Kisa chake hakikuzaliwa Kolkata. Kilitoka katika filamu ya Kitelugu iitwayo Bunny, ya mwaka 2005. Wabengali walikiona kisa cha jirani, wakakipenda, kisha wakakisimulia upya kwa lugha yao, kwa sura zao na mitaa yao. Wangeweza kuendelea kuitazama ile ya Kitelugu, au kuridhika na filamu za Kihindi halisi kutoka Mumbai, ambazo ni nyingi na zina fedha zaidi. Hawakuridhika. Walitaka kusikia neno "nakupenda" likitamkwa kama mama zao wanavyolitamka.

Kiu hiyo ina historia. Mwaka 1948 Muhammad Ali Jinnah, mwanzilishi wa Pakistan, alisimama Dhaka akatangaza kwamba lugha ya taifa itakuwa Kiurdu peke yake, ilhali idadi kubwa ya wananchi wa taifa lile ilikuwa ikizungumza Kibengali. Tarehe 21 Februari 1952 wanafunzi walioandamana kuitetea lugha yao walipigwa risasi katika mji uleule. Mwaka 1971 nchi ikagawanyika, ikazaliwa Bangladesh. Mwaka 1999 UNESCO iliichagua tarehe hiyo ya Februari kuwa Siku ya Kimataifa ya Lugha ya Mama. Ni lugha hiyohiyo iliyompa dunia Satyajit Ray na filamu yake Pather Panchali ya mwaka 1955, na ni hiyohiyo inayotumiwa na Dev kutoa vitisho kabla ya kurusha teke. Lugha hai hufanya kazi zote mbili. Inaingia katika majumba ya heshima na inaingia katika vibanda vya mbao.

Sasa turudi kwetu. Atlasi ya Lugha za Tanzania, iliyotolewa mwaka 2009 kutokana na mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliorodhesha lugha zaidi ya 150 katika nchi hii. Kifipa ni mojawapo, na hakimo miongoni mwa zile zilizo ukingoni mwa kaburi. Kinazungumzwa na watu laki kadhaa katika wilaya za Sumbawanga, Nkasi na Kalambo. Lakini jaribu kukitafuta mahali popote penye heshima ya hadhara. Darasani hakipo. Gazetini hakipo. Kwenye kioo cha kibanda umiza hakipo. Nikiwaomba wanafunzi wangu wanaotoka Matai au Namanyere waseme sentensi moja kwa lugha ya nyumbani, jambo la kwanza ninalolipata ni kicheko, na kicheko kile kimejaa aibu. Wamefundishwa tangu shule ya msingi kwamba hicho ni "kilugha". Tazameni viambishi vyetu vinavyofanya kazi. Lugha ya mbali tunaiita Kihindi hata isipokuwa Kihindi, na lugha ya mama tunaipunguza kwa kiambishi cha udogo mpaka iwe kitu cha kufichwa.

Watumishi wa umma watanijibu kwamba hakuna aliyeipiga marufuku lugha ya mtu. Ni kweli kwa nusu. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inasema wazi kwamba jamii zetu ziendelee kuzitumia lugha zao za asili na kujivunia, na inahimiza ziandikwe, zitafitiwe na zihifadhiwe. Lakini kanuni za maudhui ya utangazaji zinamtaka mwenye leseni ya redio au televisheni atumie Kiswahili au Kiingereza, na lugha nyingine hadi apate kibali cha Mamlaka ya Mawasiliano. Sera inasema "jivunieni". Kanuni inasema "kwanza ombeni". Katikati ya sera na kanuni yumo bibi wa Mwazye anayetaka kufahamu kwa nini mahindi yake yanaweza kukataliwa na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula kwa sababu ya unyevu, na maelezo yote yanatolewa kwa Kiswahili cha ofisini ambacho anakisikia nusunusu. Kwake yeye, lugha ni suala la bei ya gunia.

Najua hoja inayokuja, na ni hoja nzito. Kiswahili ndicho kilichotuunganisha. Mwalimu Nyerere alikitumia kujenga taifa lisilouliza kabila la mtu, na kazi hiyo imefanikiwa kiasi ambacho majirani wanatuonea wivu. Mwenye wasiwasi atanyoosha kidole Kenya, ambako redio za lugha za makabila zilishutumiwa kwa kuchochea ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, hata mtangazaji wa Kass FM, Joshua arap Sang, akafikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kabla kesi yake haijasitishwa Aprili 2016. Wasiwasi huo siudharau.

Hata hivyo, tutazame pia Rwanda. Redio RTLM ilichochea mauaji ya mwaka 1994 kwa Kinyarwanda, lugha inayozungumzwa na Wahutu na Watutsi kwa pamoja. Kuwa na lugha moja hakukuwaokoa waliouawa. Chuki hutafuta mdomo, na mdomo wowote unaitosha. Kinachoizuia ni uhariri makini, sheria inayofanya kazi na siasa isiyogawa watu. Na mkasa wa Pakistan unatuonya kutoka upande wa pili: lugha ya taifa inapotumiwa kuzinyamazisha nyingine, umoja unaotafutwa ndio unaovunjika. Sisi tuna bahati kwamba Kiswahili si lugha ya kabila linalotutawala. Kina nguvu za kutosha. Hakihitaji ukimya wa Kifipa ili kisikike.

Tena, vibanda umiza vimetuonyesha jinsi lugha zinavyoweza kuishi pamoja. Mtafsiri wa filamu hakuiua filamu ya Kibengali. Aliifanya itufikie. Kiswahili kilikuwa daraja, na daraja lina njia mbili. Kama kinaweza kuileta Kolkata Ufipa, kwa nini kisiipeleke Ufipa Mwanza, Tanga na Mombasa? Filamu ikiigizwa kwa Kifipa na kuwekewa maandishi ya Kiswahili chini ya kioo, au sauti ya mtafsiri juu yake, itakuwa imemheshimu bibi wa Mwazye na mtazamaji wa Tandale kwa wakati mmoja. Jirani zetu wa Uganda hawakusubiri. Isaac Nabwana, katika mtaa wa Wakaliga jijini Kampala, alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa fedha za kuokoteza, Luganda ikisikika ndani yake na mtafsiri akichombeza juu yake, na filamu ile ikatazamwa duniani kote. Sifa yake haikutokana na kuiga Marekani vizuri. Watu waliipenda kwa kuwa haikufanana na kitu kingine chochote.

Je, Ufipa ina visa vya kutosha? Swali hili huniudhi kidogo. Simulizi za Wafipa zinaeleza jinsi wanawake wageni walivyofika Milansi wakati mtawala hayupo nyumbani, wakakitwaa kiti chake, na jinsi mapatano yaliyofuata yalivyozaa utawala mpya. Mtaalamu Roy Willis aliliandikia taifa hilo la kale kitabu kizima, A State in the Making, mwaka 1981. Ndani ya kisa hicho kuna njama, kuna wanawake majasiri, kuna mume anayerudi na kukuta dunia imegeuka. Mwandishi wa filamu ataomba nini zaidi? Tunayo malungu, zile tanuri za udongo ndefu kuliko mtu, ambamo mababu waliyeyusha chuma na ambazo baadhi yake bado zimesimama porini. Tunayo maporomoko ya Kalambo, yenye kina cha zaidi ya mita 200, ambayo mtayarishaji wa Kolkata angeyalipia nauli ya ndege ili steringi wake aimbe mbele yake.

Badala yake, mji wetu unajulikana katika vichekesho vya Kiswahili kwa jambo moja tu: uchawi. Jina Sumbawanga hufasiriwa kuwa ni amri ya kuutupa uchawi, na wachekeshaji wa nchi nzima wameligeuza likawa cheti cha kuumiliki. Usipojisimulia, utasimuliwa. Na anayekusimulia bila kukujua huchukua lile lililo rahisi kuchekwa.

Kuna wenzetu katika tasnia ya filamu ambao hoja yao ni ya tumbo. Aprili 2017 wasanii wa filamu za Tanzania waliandamana Kariakoo kulalamikia filamu za nje zinazouzwa kiholela na kuwaua kibiashara. Malalamiko yao yana haki, maana anayelipa kodi na kibali hawezi kushindana na anayenakili bure. Lakini polisi wakizikamata flashi zote za Sumbawanga kesho asubuhi, watu hawatazipenda filamu zetu kwa sababu hiyo. Wataendelea kutafuta kisa kinachowagusa. Katika ngumi na helikopta Kolkata itatushinda, na Mumbai itaishinda Kolkata. Kitu kimoja tu ambacho hawawezi kukitengeneza ni kijana wa Kifipa akimwomba baba mkwe radhi kwa Kifipa, kwa adabu zake, miiko yake na mafumbo yake. Hapo hatuna mshindani, na hapo ndipo hatujaweka hata shilingi.

Nini kifanyike? Mamlaka ya Mawasiliano igeuze kibali cha lugha za asili kutoka kuwa upendeleo kuwa utaratibu: redio za jamii ziruhusiwe saa chache kwa wiki, kwa masharti ya kurekodi na kuhifadhi kila kipindi ili mchochezi akamatwe kwa ushahidi. Bodi ya Filamu iwapunguzie ada wanaoigiza kwa lugha za asili na kuweka maandishi ya Kiswahili. Halmashauri zetu, ambazo kisheria zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi, asilimia 4 ikiwa ya vijana, zikitambue kikundi chenye kamera kama zinavyokitambua kikundi chenye mashine ya alizeti. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji sheria mpya ya Bunge.

Kwenu wanafunzi nina neno la mwisho. Simu mliyonayo mfukoni ina kamera bora kuliko aliyoanza nayo Nabwana. Likizo hii mkirudi Matai, Namanyere au Muze, mkae na wazee, mrekodi kisa kimoja, mkiigize na rafiki zenu kwa lugha mliyoambiwa muionee aibu, kisha mkitafsiri kwa Kiswahili kizuri. Mwenye kibanda atakionyesha. Yeye hajali lugha ya picha, mradi watu waingie na walipe. Kazi iliyobaki ni kumfundisha kuiita kwa jina lake.