Maoni: Mti wa shule si gunia la makala

Mwaka 2022, familia zilizokimbia vita vya Rutshuru zilipofika Kanyaruchinya, karibu na Goma, nyingi zililala shuleni na ndani ya makanisa. Mama aliyefika na sufuria moja na watoto hakuwa na franka za kununua makala. Alikuwa na njia mbili: kuingia hifadhi ya Virunga kutafuta kuni, ambako wanawake wengi walibakwa, ao kukata mti uliokuwa mbele ya darasa. Nani angemlaumu?

Wapo wanaomlaumu. Wanasema wahami ndio walimaliza miti ya shule. Maneno hayo si ya haki, na tena yanaficha kosa lililotangulia. Shule nyingi zilipanda aina moja tu, mikaratusi, kwa mstari kandokando ya uzio, zikingoja miaka michache ziuze nguzo. Mti uliopandwa ili ukatwe hauna mtetezi siku panga linapokuja.

Mkaratusi si adui. Unakua haraka, ukikatwa unachipuka tena, na tangu 2007 mradi wa EcoMakala wa WWF umesaidia wakulima wa Kivu Kaskazini kupanda miti ya kuni na makala ili Virunga ipumue kidogo. Shambani una kazi yake. Shuleni kazi ni nyingine.

Karibu nusu ya uzito wa mbao iliyokauka ni kaboni, ambayo mti uliivuta kutoka hewani. Mti wenye kilo 200 za mbao kavu umefunga kilo karibu 100 za kaboni. Ukiingia ndani ya mbabula, kaboni hiyo inarudi hewani. Ukiachwa usimame miaka 40, unazidi kuongeza. Na Goma, ambako kila kiwanja kinajengwa, uwanja wa shule ni kati ya sehemu chache ambako mti unaweza kuzeeka.

Lakini uzee huo unahitaji mchanganyiko. Juu ya mawe ya volkano, kama yale yaliyomwagika Januari 2002, udongo ni mwembamba, na mizizi ya aina mbalimbali inautumia vizuri kuliko mizizi ya aina moja. Muko, ule wa maua mekundu, unarutubisha udongo. Musave unatoa kivuli na mbao ngumu. Mti wa avoka unalisha watoto, ingawa kila direkta anajua kwamba hakuna avoka ya shule inayofikia kukomaa. Ugonjwa ukishambulia aina moja, zingine zinabaki.

Halafu kuna moshi wa salongo. Wanafunzi wanafagia majani, wanayarundika, wanayachoma. Yangeachwa chini ya miti yangekuwa udongo, na udongo nao unatunza kaboni. Direkta anataka uwanja safi kama sahani. Mti unataka majani yake.

Kamati za wazazi zinaweza kugawa uwanja: kona moja mikaratusi ya kuni, inayokatwa kwa zamu, kwa ajili ya jiko la shule na familia zinazofika katika shida, sehemu inayobaki, miti mchanganyiko isiyoguswa. Mashirika yanayoleta mahema na chakula yalete na kuni ao makala pamoja, kwa sababu maharagi makavu bila moto si chakula. Na wahami wenyewe wakae ndani ya kamati hizo. Wengi wao ni wakulima wa Rutshuru na Masisi. Wanajua kuotesha miche kuliko wajumbe wengi wa mjini, na watoto wao wanasomea chini ya kivuli hicho hicho.

Kitalu hakidai dola nyingi. Mbegu za musave, nyepesi na zenye mabawa, zinaokotwa bure chini ya mti mkubwa. Kinachokosekana ni kona ya kuziotesha, na mtu wa kuzimwagia maji wakati wa kiangazi, shule ikiwa imefungwa.