TAHARIRI: KIZURI CHAJIUZA, LAKINI SHARTI KIONEKANE

Ndugu wanachama na wanakijiji wote wa Kwakoa,

Wiki iliyopita chama chetu cha ushirika kilifungua tovuti. Tangu siku ile maneno ni mengi: kisimani, mnadani, hata msibani. Wengine wanauliza, "Hiyo tovuti iko wapi? Mbona hatujaona jengo?" Wengine wanasema fedha za chama zimenunua hewa. Na mzee wetu mmoja tunayemheshimu alisimama mkutanoni akasema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Asali yetu haina haja ya kutembezwa." Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga, na leo naeleza kwa nini.

Tovuti si jengo. Ni ukurasa, kama ubao huu mnaousoma. Ila ubao huu husomwa na anayepita hapa ghalani tu, na ule husomwa na yeyote mwenye simu ya intaneti, awe Moshi, Tanga, Dar es Salaam hata Muscat. Anaona picha ya asali na vikapu vya akina mama, anaona bei na namba ya simu ya chama, anapiga. Basi, hakuna uchawi hapo.

Mzee wetu amesema kweli, kizuri chajiuza. Lakini kwa nani? Sisi asali yetu tunaijua kwa kuionja. Mtu wa Dar es Salaam hajaionja, na wala hajui kama ipo. Anayejua ni mchuuzi wa pikipiki. Anakuja, ananunua kwa bei aipendayo yeye, anakwenda kuijaza kwenye chupa zake na kuiuza kwa jina lake. Sisi tunabaki na uvimbe wa nyuki. Jamani, huko ndiko kujiuza?

Mimi nilijifunza kusoma ukubwani, kwenye darasa la jioni la elimu ya watu wazima, vidole vimeshazoea jembe. Siku moja nikaitoa stakabadhi ya zamani niliyopewa na mnunuzi wa mahindi, nikaisoma mwenyewe kwa mara ya kwanza. Nilimpa magunia 8, karatasi imeandikwa 7. Na dole gumba langu liko pale chini, limekubali! Tangu siku hiyo sikidharau kitu kwa sababu tu sijajua kukisoma. Kwa hiyo tovuti naiunga mkono.

Lakini kuunga mkono si kufumba macho. Ushirika katika nchi hii umepata kuanguka. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, vikarudi kwa sheria ya mwaka 1982. Malalamiko juu ya uongozi mbaya na hesabu zisizoeleweka yalikuwa ya siku nyingi. Ugonjwa ule unaweza kuingia hata ndani ya simu. Basi yako mambo manne ambayo mwanachama hana budi kuyauliza.

Kwanza, jina. Majina ya tovuti yanayoishia na .tz yako chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Jina huandikishwa kwa muda, na muda ukiisha hulipiwa tena. Lisipolipiwa tovuti huzimika, na mwingine anaweza kulichukua. Kijana aliyetutengenezea ni mtoto wetu na ni mwema. Hata hivyo, shamba la chama huandikwa kwa jina la chama, na hili vilevile. Kamati ituonyeshe karatasi.

Pili, neno la siri la kuingilia. Lisikae kichwani mwa mtu mmoja. Akiugua je? Akihamia mjini je? Liandikwe, litiwe katika bahasha, lifungwe kwenye kasha la chama mbele ya mwenyekiti na mhazini. Kiongozi akibadilika, nalo libadilishwe.

Tatu, fedha. Mnunuzi alipe kwa namba ya chama, si ya mtu, naye apewe risiti. Kila mwezi mhazini asome mbele yetu: tovuti imeleta oda ngapi, imeingiza shilingi ngapi, imekula shilingi ngapi. Biashara asubuhi, jioni hesabu. Mwaka ukiisha tukaona hasara, tuseme wazi bila kuoneana haya. Na wale wanaopokea simu za wateja wawe macho. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008 simu imekuwa mfuko wetu, na wezi wamefuata fedha huko huko. Mteja wa kweli haombi namba yako ya siri.

Nne, na hili ndilo kubwa, ukweli. Tovuti yetu imeandika kwamba mzigo unafika Dar es Salaam kwa siku 2. Hivi wakati wa masika, barabara ikikatika, tutaurusha? Maneno hayo yafutwe, yaandikwe ya kweli. Alama ya ubora ya TBS nayo isionekane pichani kabla hatujaipata. Na wewe mfugaji nyuki, usivune masega ambayo nyuki hawajayafunika kwa nta. Asali hiyo ina maji mengi, huchacha ndani ya chupa. Usiongeze sukari ukadhani aliye mbali hajui. Zamani asali mbovu ilimwaibisha mwenye mzinga. Sasa chupa moja mbovu itatuaibisha sote, na aliyeinunua atawaambia wenzake kwa simu ile ile aliyoagizia. Siku hiyo mzee wetu atakuwa ameshinda: kibaya kimejitembeza.

Ndugu zangu, tovuti haitatuuzia tukiwa tumelala. Ni kibao cha njiani tu. Mgeni akikifuata asikute duka tupu. Kuanzia Alhamisi hii, saa 11 jioni, tukutane hapa ghalani. Vijana wenye simu watatufundisha kuifungua na kuisoma. Waliosoma na wasiosoma, wote waje. Mzee wetu nimempangia kiti cha mbele, maana maswali yake tunayahitaji.

Jina la tovuti limeandikwa kwa wino mwekundu chini ya ubao huu.

Ushirika ni nguvu.

Katibu