Madaktari wa Akili Wakikutana, Msee wa Naitiri Anapata Nini?

Kila mwaka Chama cha Madaktari wa Akili Kenya (KPA) huwa na kongamano. Wataalamu wanavaa kadi za majina shingoni, wanasoma utafiti wao, wanapiga chai ya saa nne, kisha wanatoka na maazimio. Lingine ndio hilo linakuja. Na sio kitu mbaya, msinielewe vibaya. Kama madaktari wa moyo hukutana, hawa pia wakutane.

Ila mimi nimetoka Naitiri, huku Tongaren, Bungoma. Ukitaka kitu serious unadandia mat hadi Kitale. Kwa hivyo swali langu ni moja tu: hayo maazimio yakitoka kwa hoteli, yanafika kwa steji ya nduthi ama yanaishia kwa taarifa ya saa moja?

Acha niwape stori. Kuna boyz wetu wa nduthi, jina nitakaa nalo. Alichukua pikipiki kwa mkopo, biashara ikawa mbovu, na kila siku app inamkumbusha deni. Akaanza kutolala. Baadaye akaacha kubonga. Msee alikuwa anachekesha steji nzima, sasa anakaa kwa nduthi yake anaangalia chini hadi jioni.

Steji ikasema ni bangi. Jirani wakasema amerogwa. Mathe yake akamzungusha kwa maombi wiki tatu, halafu kwa mzee wa miti shamba. Miezi ikaenda. Mwishowe akapelekwa hospitali moja, sitaitaja, akapewa dawa za wiki mbili na kuambiwa zingine anunue kwa chemist na arudi kuonwa tena. Kurudi na nani? Nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, hapo mathe ameuza kuku wangapi? Dawa zikaisha, safari ikaisha. Jamaa alirudi steji akiwa nusu.

Hiyo ndio Kenya yenye kongamano linafaa kujua.

Sasa tupige hesabu kidogo

Kuna hesabu imerudiwa miaka mingi: daktari wa akili mmoja kwa karibu Wakenya nusu milioni. Kwa sensa ya 2019, Bungoma ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.6. Gawanya mwenyewe. Ni kama madaktari watatu kwa kaunti nzima, na hiyo ni kama wangegawanywa sawa, kitu haifanyiki. Wengi wao wako Nairobi na miji mikubwa.

Hospitali ya taifa ya akili, Mathari, iko Nairobi na ilianza 1910. Huku kwetu kubwa ya karibu ni Moi Teaching and Referral, Eldoret, ambayo kutoka Kitale pekee ni kama kilomita 70. Zaidi ya miaka mia imepita tangu Mathari ifunguliwe, na bado mtu wa kijijini akiugua kichwa, wazo la kwanza ni "apelekwe mbali".

Sio eti gavaa haijui. Mwisho wa 2019 iliundwa jopo kazi chini ya Dkt. Frank Njenga, na 2020 likapendekeza afya ya akili itangazwe janga la kitaifa. 2022 Rais Uhuru Kenyatta akatia saini marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili. Hiyo sheria inasema kaunti lazima itoe huduma za akili, na kampuni ya bima isikubague juu ya ugonjwa wa akili.

Kwa karatasi tuko fiti, wasee. Shida ni venye karatasi haina nauli.

Kitu moja imebadilika kweli

Hii lazima tuwape. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilikuwa kinasema mtu akijaribu kujiua na aponee, huyo ni mhalifu. Ilikuwa hadi miaka miwili ndani, ama faini. Yaani msee anatoka wodi anakutana na karao.

KPA, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na mwanaharakati Charity Muturi walienda kortini. Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu akasema kifungu hicho kinakiuka Katiba. Cheki hii: Uingereza, wenye walituletea hiyo sheria, waliifuta kwao 1961. Sisi tulibaki nayo kama koti ya mitumba yenye mwenyewe alitupa.

Kwa nini ni muhimu? Kwa sababu woga wa polisi ulikuwa unafanya familia zifiche. Mtu akiponea, nyumbani wanasema alianguka tu. Nesi haambiwi ukweli, na ukifichwa, msaada wenye anahitaji haufiki. Sasa sheria haitishi tena, lakini aibu bado iko. WHO inasema watu zaidi ya 700,000 duniani hufa kwa kujiua kila mwaka. Aibu haijawahi kuokoa hata mmoja.

Jibu linaweza kuwa ni kukhu

Tuseme ukweli. Hata kongamano likiamua leo, madaktari hawataongezeka kesho, kwa sababu mmoja anasomea hiyo kazi miaka mingi. Ndio maana mimi naangalia Zimbabwe.

Daktari wa akili anaitwa Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa aliyekosa nauli ya kufika hospitali. Nauli, wasee! Kama mathe ya boyz wetu. 2006, huko Mbare, Harare, akaanza na akina nyanya 14. Aliwafundisha kusikiliza na kumsaidia mtu kutatua shida moja baada ya nyingine, wakiwa wameketi kwa benchi nje ya kliniki. Hawakuita depresheni. Walitumia neno lao la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiria sana. Si ni ile yetu ya "huyo ako na mawazo mingi"?

Walipima kama inafanya kazi. Utafiti wa watu 573 uliotoka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, waliokaa kwa benchi wenye bado walikuwa na dalili za depresheni ni karibu 14 kwa kila 100. Kwa wale walipewa huduma ya kawaida, ni karibu 50.

Sasa niambie, Naitiri inakosa akina kukhu? Inakosa benchi?

Na watu tayari tunao. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya wa kijamii 100,000 nchi nzima. Wanabeba begi yenye mashine ya presha na ya sukari, wanapita nyumba kwa nyumba. Kupima mawazo hakuhitaji mashine. Kuna fomu ya maswali tisa inatumika dunia nzima, inakuuliza umekuwa aje wiki mbili zilizopita: unalala, unakula, unasikia raha kwa chochote? Iweke kwa Kiswahili cha kawaida na Kibukusu, mfundishe yule mama wa kijiji, na umpe mahali pa kumtuma mtu hali ikiwa noma.

Hapo ndio daktari anaingia. Wachache tulionao washughulikie kesi nzito na wawe wanapigiwa simu na nesi wa Naitiri. Na dawa ziwe kwa hospitali ya karibu, sio kwa chemist ya Kitale.

Kwa hivyo kongamano likiisha, mimi sitaangalia picha za pamoja. Nitaangalia vitu vitatu: nani anafundisha wahudumu wa kijiji, dawa zinashuka hadi wapi, na bajeti ya kaunti imeandika ngapi. Hiyo ya tatu ni yetu pia. Kaunti lazima isikize maoni ya wananchi kabla ya kupitisha bajeti, na mara nyingi huko wanaenda wazee tu. Twende.

Mimi niliacha college mwaka wa pili. Kila mtu alisema ni uvivu, na mimi nikakubali juu sikuwa na neno lingine. Siku moja shosh akaniuliza, "Mjukuu, unalala?" Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza hivyo, na nililia kama mtoto.

Muulize boyz wako hilo swali leo. Na kama wewe ndio umelemewa, piga 1199 ya Kenya Red Cross, ni bure, ama Befrienders Kenya 0722 178 177. Sio lazima uwe umeharibika kabisa ndio upige.