Isale la Mpaka

Yako maneno tuyasikiayo mara nyingi katika baraza za kanisa, na leo twataka kuyapinga waziwazi. Husemwa hivi: "Dhambi yangu ni kati yangu na Mungu, nimekwisha kutubu, yatosha." Maneno haya yana sura ya kumcha Mungu, lakini mara nyingi ni maficho ya mtu amwogopaye jirani yake.

Na tumtazame mtu mmoja, aliye mfano wa wengi wetu hapa Kilimanjaro, nasi waalimu tumo. Masale ya mpaka wa kihamba chake yalisimama mahali pake tangu siku za babu zake. Usiku mmoja wa mvua aliyang'oa machache, akayapanda hatua mbili ndani ya kihamba cha mjane. Akapata migomba mitatu. Jumapili haikosi ibada, sadaka atoa, na jina lake limo katika kitabu cha washarika. Lakini akutanapo na mjane yule njiani hupita kando, na apigapo magoti kusali moyo wake ni mkavu. Asema hajui sababu. Sisi twasema aijua sana. Uzima alioahidi Kristo hauko mbali naye. Uko ng'ambo ya masale yale.

Azuiwa na nini basi? Si umaskini, maana migomba mitatu haimtajirishi mtu. Azuiwa na jina lake jema. Aogopa kusikia watu wakinong'ona, "Kumbe hata mzee wa kanisa!" Zakayo naye alikuwa na cheo, mkubwa wa watoza ushuru, lakini katika Luka 19 alisema mbele ya watu kwamba atarudisha mara nne. Baada ya hayo ndipo Bwana alipotangaza wokovu katika nyumba ile.

Huko Gahini, nchi ya Rwanda, alikuwako mwalimu Mganda, Blasio Kigozi, aliyefariki Januari 1936 angali kijana. Neno lake kwa kanisa lilikuwa moja: Amkeni. Uamsho ulioenea toka Rwanda na Uganda hata Kenya na Tanganyika uliwafanya watu warudishe vitu walivyoiba na kulipa madeni yaliyosahauliwa. Wengine waliwalaumu, wakasema wanalitia kanisa aibu. Twakubali, wako waliogeuza kutubu kuwa majivuno mapya, wakihesabu dhambi zao kama mtu ahesabuye ng'ombe zake. Lakini mwizi arudishaye kitu hakuleta aibu siku ile. Aibu ilikuwako tangu alipokichukua.

Tena liko jambo lituchomalo zaidi. Wazee wetu, kabla ya kuisikia Injili, walitumia isale lilo hilo la mpaka kuombea msamaha. Jani lilipelekwa nyumbani kwake aliyekosewa, naye aliyeletewa isale aliona vigumu mno kulikataa. Je, sisi tuliobatizwa tuwe na shingo ngumu kuliko wao? Katika Mathayo 5 Bwana aliagiza mtu aiache sadaka yake mbele ya madhabahu, aende kwanza kupatana na ndugu yake. Sisi twaitoa upesi, tupate kusahau.

Masika yakija, udongo utalainika, na masale yatang'oka bila taabu. Mtu yule na achukue jembe lake, aende mchana, njia ikiwa na watu.